Bustani ya Nyumbani: Ndege Waimbaji na Pipa la Taka

Ikiwa makao yako ni Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au mji mwingine wowote wa pwani yetu, kesho uamkapo usifungue redio kwanza. Fungua dirisha la uani, utulie kwa dakika tano, usikilize. Yamkini sauti ya kwanza utakayoisikia ni ya kunguru, na ya pili, na ya tatu. Ukibahatika, katikati ya makelele hayo utapata mlio mwembamba wa ndege mdogo aliyejisitiri katika mpapai wa jirani. Huyo ndiye mgeni tunayetaka kumwalika leo, yeye pamoja na waimbaji wenzake ambao zamani hawakuhitaji kualikwa.

Wengi wanaotamani kuwa na ndege hawa huanza kwa kutupa chakula. Huchukua konzi ya mchele au mabaki ya ugali, wakayamwaga uani, kisha wakakaa barazani kungoja. Wanaofika ni kuku wa jirani na kunguru. Baada ya siku tatu huacha, wakasema kwamba ndege wadogo wa mjini wamekwisha. La hasha, hawajaisha. Ila ndege ambaye mwili wake mzima haufiki uzito wa gramu kumi hawezi kujitokeza uwanjani kugombea tonge na kunguru. Kwake yeye chakula si swali la kwanza. Swali lake la kwanza ni kama atatoka mahali hapo akiwa hai, na kama kiota chake kitakuwa bado na mayai kesho asubuhi. Kwa sababu hiyo bustani ya ndege waimbaji haianzii kwenye mtama. Huanzia kwenye pipa la taka.

Tumwelewe kwanza kunguru mwenyewe, maana twamlaani kila siku pasipo kumjua. Miji yetu ya pwani ina kunguru wa aina mbili. Yule mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni ni mwenyeji wa Afrika tangu hapo. Yule mwembamba, mweusi, mwenye shingo ya kijivu, ambaye mitaani huitwa kunguru wa Zanzibar, ni mgeni. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, wala hakuja kwa bahati mbaya. Mji ulikuwa na taka nyingi, na wakubwa wa wakati ule wakadhani kwamba ndege huyu atausafisha bila kudai mshahara. Akala taka, akazaana, akavuka bahari. Na kwa kufuata meli na bandari amefika Mombasa, Dar es Salaam, hata Durban na Cape Town. Yaani badala ya kuajiri wazoa taka, mji uliajiri kunguru. Naye hakuridhika na kazi aliyopewa.

Kwani kunguru huyu hula pia mayai na makinda. Ana akili nyingi na subira isiyo kifani. Hutua juu ya waya wa umeme, akamtazama mama ndege anayekwenda na kurudi na mdudu mdomoni, mpaka aujue mlango wa kiota. Aghalabu huja wawili au watatu. Mzazi hupiga kelele, akarukaruka, lakini ufundi wake wote wa kusuka kiota haumsaidii tena. Mama mwenye kuku hahitaji kuelezwa habari hii. Anajua mwenyewe ni vifaranga wake wangapi waliokwenda kwa njia hiyo.

Juhudi za kuwapunguza zimefanywa. Katika miaka ya 1990 kunguru wa mji wa Zanzibar walipunguzwa sana kwa mitego na sumu, lakini kazi ilipolegea wakaongezeka tena. Dar es Salaam nako zimewahi kufanyika kampeni za namna hiyo. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Hizo ni kazi za wataalamu. Nakusihi usije ukatega sumu ya panya uani kwa ajili ya kunguru, maana atakayekufa ni paka wa jirani, au, Mungu apishe mbali, mtoto atakayeiokota.

Mwananchi wa kawaida hana sumu ya kitaalamu, lakini anacho kifuniko. Kunguru hukaa mahali penye mlo wa bure. Mlo ukikatika, wengi huhama, na wanaobaki hawazai kwa wingi ule ule. Pipa lako liwe na kifuniko kizito, na kama ni chepesi weka jiwe juu. Vichwa vya dagaa, matumbo ya samaki na makombo ya wali usiviache ndani ya kiroba ukutani kungoja gari la taka. Kabla gari halijafika kunguru wamekwisha kukipasua kiroba. Chimba shimo pembeni mwa ua, fukia, weka udongo juu. Baada ya miezi michache utapata mbolea nzuri ya kustawisha michicha. Tena usifanye peke yako. Nyumba moja ikifunika na tisa zikaacha wazi, kunguru hawatatikisika. Jambo hili linafaa kuzungumzwa katika mikutano ya mtaa, na balozi wa shina asione haya kuliweka katika ajenda kwa kudhani kwamba ni habari ya ndege. Ni habari ya nzi na kuhara pia.

Sasa, kunguru wakipungua, nani atakuja?

Wa kwanza kwa kawaida ni chozi. (Aliyempa jina hilo sijui aliwaza nini, kwa sababu sioni ndege mchangamfu kuliko yeye.) Ni yule mdogo mno, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Dume lake hung'aa juani rangi ya kijani, ya samawati au ya zambarau, kwa kadiri ya aina yake. Jike huvaa kijivu au hudhurungi isiyovutia macho, na kwa hiyo wengi huwadhania kuwa ndege wawili mbalimbali. Chozi hunywa maji matamu ya maua. Hana haja na mchele wako. Mpe maua, hasa yale marefu yenye umbo la mrija na rangi nyekundu au ya machungwa. Mshubiri unaopandwa kwa ajili ya dawa humfaa sana unapochanua. Mlonge humfaa. Maua ya mpapai humfaa. Na lile ua kubwa la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu wa ndizi ni karamu kwake. Wakulima wengi hulikata upesi ili ndizi zinenepe. Ikiwa mgomba wako ni wa kivuli na wa kula nyumbani, si wa biashara, liache juma moja au mawili, ukae pembeni uone.

Lakini tusidanganyike na utamu huo. Makinda ya chozi hayakui kwa maji ya maua. Mama huyalisha wadudu wadogo na buibui, na hata kiota chake, ambacho huning'inia kama mfuko mdogo wenye mlango ubavuni, hushikizwa kwa utando wa buibui. Mtu anayepulizia sumu ya wadudu katika kila jani la bustani yake, kisha akashangaa kwamba chozi hupita tu wala hakai, amekwisha kujijibu. Wachache kati ya viwavi na vidukari wa mchicha waachie ndege. Wakizidi, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, maji yake yakachujwa na kunyunyizwa, huwapunguza bila kuigeuza bustani kuwa jangwa.

Wa pili ni shore, ambaye pengine umemzoea hata usimtambue kwa jina. Ana ukubwa wa kati, mwili wa hudhurungi, kichwa cheusi chenye manyoya yaliyosimama kidogo, na chini ya mkia doa la manjano. Huyu ndiye anayeamka kabla ya wengine, na wimbo wake ni wa furaha, kana kwamba anamwita mtu akaonje kitu. Shore ni mla matunda. Hupenda mapapai yaliyoiva, matunda ya mwarobaini, na hasa forosadi. Mforosadi huota upesi, hata kwa kijiti kilichochomekwa ardhini wakati wa mvua, na watoto watagombea matunda na ndege, jambo ambalo si baya kwa upande wowote. Ukiona papai moja limetobolewa juu ya mti, usilichume kwa hasira. Liache hilo moja, uchume mengine yakiwa yameanza tu kubadilika rangi.

Juu ya mnana kuna mabishano, nami nitasema wazi ninavyoona. Mnana, yule wa manjano asukaye viota vingi kwa pamoja, huchana majani ya mnazi kuwa nyuzi, na kundi kubwa laweza kuubakiza mnazi na mifupa mitupu. Mwenye minazi ya kuuza nazi ana haki ya kulalamika. Lakini katika ua wa mjini wenye mnazi mmoja wa kivuli, nazi tatu nne zitakazopungua si bei kubwa kwa tamasha lile. Dume husuka kiota peke yake, kisha huning'inia chini yake akipiga mbawa na kuita. Jike huja, hukagua kama mpangaji akaguavyo chumba, na asiporidhika huenda zake. Dume hukibomoa kile kiota kilichokataliwa, akaanza kusuka kingine. Mtoto wa darasa la tatu akiliona hilo mara moja atajifunza habari ya ufundi na uvumilivu kuliko kwa kuambiwa mara mia.

Hapa niondoe hofu moja. Watu waliokulia vijijini kwenye mashamba ya mtama na mpunga, wakiona kundi lolote la vindege, husema, "Kwelea kwelea hao!" Kwelea ni adui wa kweli wa mkulima, wala hakuna anayekutaka umwalike. Ila kwelea husafiri kwa makundi makubwa mno akifuata nyasi na nafaka za bara. Havutwi na maua mawili matatu ya uani kwako. Vile vindege vyenye kichwa cheusi na tumbo jeupe vinavyoninginia kwa kumi kumi juu ya mashuke ya nyasi ni tongosimba, nao hawana madhara. Wao hawataki ila ukanda wa nyasi, hata wa hatua mbili, uachwe upate mbegu kabla ya kufyekwa. Wako pia chiriku, na tetere, na mbayuwayu ambao wengine wao hutoka Ulaya kila mwaka kukimbia baridi ya huko. Kurumbiza, wa manjano mwenye kichwa cheusi na sauti kama ya filimbi iliyotiwa maji, hukaa katika miti mikubwa; kama mtaa wako una mwembe wa zamani, utamsikia, na kama mwembe umekatwa, basi.

Kikwazo kikubwa baada ya kunguru ni usafi tunaoupenda kupita kiasi. Ua uliofagiwa mpaka udongo ukang'aa, au uliofunikwa wote kwa vitofali vya saruji, hupendeza macho, lakini hauna mahali hata pamoja ambapo ndege wa gramu kumi anaweza kujificha mwewe apitapo. Tumeng'oa ua wa michongoma tukajenga ukuta. Ukuta una faida zake, sibishani. Wezi ni wezi. Lakini ule mchongoma wenye miiba ulikuwa ngome ambayo kunguru hakupenda kuiingia, na ndani yake vilikuwamo viota. Ikiwa bado unao upande mmoja, usiung'oe. Uukate baada ya mvua, makinda yakiisha kuruka.

Najua akina mama watasema kwamba kichaka huleta nyoka. Hoja hii ni ya kweli, wala si ya kupuuzwa na mtu mwenye watoto watambaao. Basi panda kichaka mbali na mlango na dirisha, kisha kata matawi yote ya chini mpaka usawa wa goti, ili udongo ulio chini yake uonekane na ufagiwe. Ndege hutaka mastakimu ya juu. Nyoka hutaka giza la chini. Usirundike mbao, mabati mabovu wala matofali karibu na kichaka hicho, maana huko ndiko panya hukaa, na panya ndiye amwitaye nyoka.

Mpangaji wa chumba kimoja, mwenye hatua tatu tu za uwanja anazochangia na familia nyingine nne, asidhani kwamba mambo haya ni ya wenye nyumba. Mshubiri huota ndani ya debe lililotobolewa chini. Pilipili huota ndani ya kopo la rangi, na shore huzila bila kuwashwa. Madebe matatu yaliyopangwa pamoja kivulini yana thamani kwa ndege kuliko debe moja kila pembe, kwa sababu yakisongamana huwa maficho. Kabla ya kuyapanga, ongea na wenzako wa nyumba; bustani iliyowekwa bila makubaliano hugeuzwa mahali pa kumwagia maji ya kufulia.

Kuhusu maji sina budi kukaza maneno kidogo. Wakati wa kiangazi, kati ya masika kuisha na vuli kuanza, maji ya kunywa na ya kuoga huwavuta ndege hawa kuliko kitu kingine chochote. Kigae cha chungu kilichovunjika chatosha, au sinia la zamani. Kina chake kisizidi vidole viwili, na katikati weka jiwe la kutulia. Kiweke juu ya kisiki au nguzo, hatua chache kutoka kichakani: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, mbali kiasi cha paka kuonekana akinyemelea. Lakini maji hayo lazima yamwagwe na kigae kisuguliwe kila siku. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengu mwaka 2014, tena mwaka 2019, na mbu aenezaye ugonjwa huo hupenda kutaga katika vyombo vidogo vya maji kama hivi. Kazi ya kumwaga mpe mtoto mmoja iwe yake, kama vile mwingine alivyopewa kuwafungulia kuku. Usipoweza kuhakikisha kwamba maji yatamwagwa, usiyaweke kabisa. Panda maua tu.

Ukitaka kuweka nafaka baada ya hayo yote, weka uwele au mtama kidogo, kiasi cha kijiko, asubuhi tu, katika kifuu kilichoning'inizwa kwa kamba chini ya matawi. Kunguru hawezi kusimama juu ya kifuu kinachoyumba. Wali na ugali waachie kuku.

Yamebaki mambo ya watoto wetu. Manati bado yanatengenezwa kwa mipira ya baiskeli, na ulimbo bado unapikwa kwa utomvu wa mfenesi, unapakwa juu ya kijiti, na chiriku anabandukwa manyoya yake yakiwa yamenata ili atiwe tunduni auzwe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata ndege wa porini bila kibali, lakini sidhani kwamba mtoto wa miaka tisa ataogopa sheria. Kumnyang'anya manati bila kumpa kitu kingine hakufai. Atatengeneza mengine kesho. Mpe daftari. Mwambie aandike kila ndege anayemwona uani kwa juma moja, rangi zake, anakula nini, anakaa wapi, na Jumapili akusomee. Mtoto aliyekwisha kumpa ndege jina ni nadra kumpiga jiwe.

Na ikitokea, kama itokeavyo mara nyingi katika nyumba zenye utulivu, kwamba chozi jike ameanza kufunga nyuzi zake za buibui kwenye kamba yako ya kuanikia nguo au kwenye waya wa taa ya barazani, usimwondoe. Amechagua hapo kwa sababu ameona kwamba kunguru huwaogopa watu wa nyumba hiyo. Akisha kutaga, ataatamia kwa muda wa majuma mawili hivi, na makinda yatakaa kiotani majuma mengine mawili au zaidi kidogo. Waambie watoto watazame kwa mbali, bila kugusa na bila kuita wenzao wote wa mtaa. Taa ya barazani izimwe mapema usiku, na nguo za mwezi huo zianikwe upande wa pili.